Kabla ya kuziba, angalia nyuma ya bashi

Naheshimu mafundi wetu, lakini ile shauri yao ya "ziba kila tundu, baridi itaisha" siikubali yote. Huku Buleusa tunapigilia bashi ndani ya mbao na chini ya manjanja. Ulaya wanapuliza povu. Kosa ni moja.

Mvuke wa sufuria, wa nguo zinazokaukia ndani na wa pumzi zetu unapanda, usiku unagusa manjanja baridi, unageuka maji. Pakiwa wazi, mchana yanakauka. Ukifunika, yanabaki nyuma, huyaoni. Unyevu wa ubao ukikaa juu ya asilimia 20, kuvu inaweza kuanza kuuozesha. Uingereza, baadhi ya benki zimekataa kutoa mkopo kwa nyumba yenye povu chini ya paa, juu mbao hazionekani tena.

Sisi wagronomu tunakataza kufunga mahindi mabichi mu mfuko wa plastiki. Mbona nyumba tunaifunga na maji yake?

Povu si adui, bashi pia. Kausha mbao kwanza, tengeneza panapovuja, acha hewa ipite chini ya manjanja. Na kama umeshaziba, bandua kona moja leo, uguse ubao.