Safu, Ngeli na Dirisha: Tahakiki ya Lugha ya NumPy

Ni mazoea ya wahakiki wa Kiswahili kushughulikia riwaya, tamthilia na tenzi, na kuwaachia mafundi maandishi ya kiufundi. Mazoea hayo yana hasara yake. Katika vyuo vya Bukavu, mwanafunzi wa sayansi husikiliza somo kwa Kifaransa, husoma mwongozo wa programu kwa Kiingereza, kisha hujadiliana na wenzake kwa Kiswahili. Neno likipotoka katika safari hiyo, hesabu nayo hupotoka, na aghalabu kompyuta haitoi onyo lolote. Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo hilo kwa kuitazama NumPy, maktaba ya programu ya kukokotoa namba katika lugha ya Python.

NumPy haikuzuka ghafla. Mwaka 1995 Jim Hugunin, akisaidiana na wenzake, aliandika maktaba iliyoitwa Numeric. Baadaye wanaastronomia wa Marekani waliunda nyingine, Numarray, na watumiaji wakagawanyika kambi mbili. Mwaka 2005 Travis Oliphant alianza kuziunganisha kambi hizo, na toleo la 1.0 la NumPy likatoka mwaka 2006. Tangu hapo imetumika katika kazi kubwa za sayansi, ikiwemo ile ya kuunda picha ya shimo jeusi iliyotangazwa mwaka 2019. Msimbo wake ni huria: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuusambaza.

Kiini cha maktaba hii ni safu, yaani mkusanyiko wa namba uliopangwa kwa utaratibu. Mchezo wa bao wa mwambao, sawa na igisoro ya Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi, una mistari 4 ya mashimo 8. Ukiandika idadi ya kete za kila shimo, umepata safu yenye umbo la 4 kwa 8, na kila namba hujulikana kwa mstari wake na nafasi yake. Amri moja huzitendea namba zote 32 kwa mkupuo, bila mtumiaji kuandika mzunguko wa kupitia shimo hadi shimo. Neno "safu" lina upungufu, kwa kuwa humpa msikilizaji taswira ya mstari mmoja, kama safu ya askari. Hata hivyo ni afadhali kuliko "tablo" la Kifaransa, ambalo hubeba kwa pamoja ubao wa darasani, picha ya ukutani na jedwali.

Namba zote za safu moja huwa za aina moja. Hapa mwanaisimu atakumbuka ngeli: nomino huamua viambishi vya maneno yanayoandamana nayo. Mlinganisho huu unafaa kufundishia, lakini una kikomo. Msemaji akikosea upatanisho wa kisarufi, msikilizaji hushtuka. NumPy haishtuki. Safu iliyoundwa kwa namba kamili ikitiwa kipimo cha mvua cha milimita 3.7, hukata desimali kimyakimya na kuhifadhi 3. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba aina "zinapatana" hatajua kwamba upatanisho huo umepatikana kwa kupoteza data.

Hatari ya pili imo katika kukata sehemu ya safu. Ukichukua mistari miwili ya kwanza, NumPy haikupi nakala. Inakuonyesha kumbukumbu ileile ya kompyuta. Ukiibadili sehemu hiyo, safu ya asili nayo hubadilika. Lakini ukizichagua namba kwa kutumia orodha ya nafasi zake, hupewa nakala kamili. Tofauti hii ni ya msingi, na tafsiri yake yataka uangalifu. Mtu anaweza kupendekeza neno "kivuli", lakini wasomaji wengi wamekwisha kuzoea "nakala kivuli" kwa maana ya fotokopi, na fotokopi ikichafuliwa karatasi ya asili haidhuriki. Istilahi hiyo ingefundisha kinyume cha ukweli. "Dirisha" ni bora: anayepitisha mkono dirishani hugusa vitu vilivyomo chumbani.

Hatari ya tatu ni kubwa zaidi. NumPy huweza kuitandaza safu ndogo ili ilingane na kubwa. Kiingereza huita tendo hilo kwa neno lililotokana na kumwaga mbegu shambani. Kulifasiri kuwa "utangazaji" ni kumpeleka msomaji redioni. "Kutandaza" kunatosha. Kanuni yake ni kwamba maumbo hulinganishwa kuanzia kulia, na vipimo hukubaliana vikiwa sawa au kimoja kikiwa 1. Tuseme kuna jedwali la mvua la miezi 12 kwa vituo 5, na mtafiti anataka kutoa wastani wa kila mwezi. Akileta orodha ya wastani 12, NumPy itakataa, maana 12 haipatani na 5. Lakini vituo vikiwa 12, itakubali, na wastani wa Julai utatolewa katika kituo cha 7 badala ya mwezi wa 7. Jibu litatoka likiwa na sura nzuri, nalo ni batili. Dawa ni kuuweka wastani katika umbo la 12 kwa 1. Huu ni udhaifu wa muundo wenyewe, wala si wa mtumiaji peke yake: wepesi wa kuandika umenunuliwa kwa ukimya wa kosa.

Wapo watakaodai kwamba suluhisho ni mwanafunzi kujifunza Kiingereza barabara. Dai hilo lina uzito, kwa kuwa majina ya amri yatabaki ya Kiingereza. Lakini kujua jina la amri si kuelewa itendalo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba kazi ya aina hii inawezekana. Kazi ile ilihusu hasa maneno ya kwenye skrini. NumPy yadai hatua nyingine: kutafsiri maelezo, mifano na maonyo.

Kwa hiyo NumPy ni kazi adhimu yenye ukimya wa hatari. Leseni yake haimzuii mwalimu wa Bukavu kuandika mwongozo wake, na ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti. Mwongozo huo uanze na mambo matatu: desimali inayopotea, dirisha linalodhaniwa kuwa nakala, na jedwali la 12 kwa 12.