Kabla ya Kikombe, Tazama Kibanja

Mtu akikuletea kiganja cha kahawa ya Songambele akakuuliza kama ni nzuri, nawe mwulize kwanza imetoka kibanja gani. Muonjaji, hata awe na ulimi mkali namna gani, anakuta mambo yameshaamuliwa na mgomba, mvua na mkono wa mchumaji. Nimewasikia watu wa mjini wakisema robusta ni mbaya kwa asili yake, basi. Wanaionea. Robusta ina kafeini takriban mara mbili ya arabika, kwa hiyo uchungu kiasi ni haki yake. Lakini ile harufu ya mpira ulioungua, na ule ukakasi unaong'ang'ania ulimi kama umetafuna ndizi mbichi, mara nyingi ni makosa yetu wenyewe.

Songambele iko Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kahawa ya huku kwa sehemu kubwa ni robusta, nayo huishi na migomba katika shamba moja, ndicho kibanja. Nyanda za Karagwe na Kyerwa nyingi zimepita mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ilhali robusta kwingi duniani hulimwa chini kwenye joto. Ubaridi wa usiku hulichelewesha tunda kuiva, na tunda linalochelewa hupata muda wa kujaza punje. Hiyo ni bahati ya mahali. Yaliyobaki ni kazi.

Ingia basi kibanjani. Fukua matandazo ya majani ya migomba kwa mkono. Ukikuta udongo mweusi wenye unyevu, na minyoo inayokimbia mwanga, umefika kwa mtu anayejua kazi yake. Udongo huo umetengenezwa na samadi, majivu na maganda ya ndizi ya miaka mingi. Toka hatua chache nje ya kibanja uone tofauti: ardhi ngumu, nyekundu, na mbuni uliopandwa pale unakonda. Kisha inua macho. Kivuli kizuri ni cha madoadoa, jua likipenya hapa na pale. Migomba ikisongamana, mbuni hurefuka kutafuta mwanga na kuzaa kidogo; pasipo kivuli kabisa, matunda huungua upande mmoja na kuiva kwa pupa. Mimi hupenda kibanja chenye miti michache ya mishambya juu ya migomba, na mibuni iliyopunguzwa maotea hadi unaweza kupita bila kuchanwa uso.

Swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi ni mvua ilinyesha lini. Mbuni hutaka kiangazi kifupi, kisha mvua ya kuuamsha. Zikipita kama siku saba hadi kumi, kibanja kizima huwa cheupe na hunukia kama asmini. Na robusta haijichavushi. Ua lake husubiri chavua ya mbuni wa uzao mwingine, iletwe na upepo au nyuki. Ndiyo sababu aina bora zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, kupambana na mnyauko fuzari, yaani Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1, hupandwa kwa kuchanganywa. Mwenye aina moja tupu atapata majani mazuri na vishada vyenye mapengo.

Baada ya maua, miezi ya tunda kujaa ndiyo inayoamua uzito. Jua likikaza wakati huo, tunda litakuwa jekundu kwa nje na ndani halina kitu. Chukua ndoo ya maji, mwaga matunda yaliyochumwa leo. Mazito huzama. Okota yanayoelea, uyapasue kwa ukucha: hili lina punje moja iliyojaa na mwenzake kapi tupu, lile lina kitundu kama cha sindano kwenye kitovu, kazi ya mdudu aitwaye ruhuka. Ndoo ikijaa yanayoelea, usipoteze muda wako kuionja kahawa hiyo.

Kidonda cha Kagera kinaitwa butura: mkulima mwenye shida kuuza kahawa ikiwa bado ua, kwa bei ya kutupa. Aliyenunua maua hana subira na tunda. Huchuma kwa mkupuo, mekundu na mabichi pamoja, na mabichi hayo ndiyo yanayoleta ukakasi. Utayajua hata baada ya kukobolewa: punje imesinyaa, ina rangi ya kijivu, na ngozi yake nyembamba imegandamana nayo. Tunda bichi lina heshima yake mahali pengine, maana kahawa ya kutafuna anayokirimiwa mgeni huchumwa ikiwa bado bichi, ikachemshwa na majani yenye harufu, kisha ikakaushwa. Hapo ni sawa. Kwenye kikombe, hapana.

Kuhusu kukausha, sina mwalimu kumzidi mzee mmoja aliyenitilia tunda kavu mkononi. "Tikisa, mwanangu." Nikatikisa, likalia kama njuga. "Hilo limekauka. Lisilosema, lirudishe juani." Kisha akalikoboa kwa vidole na kuing'ata punje; jino halikuacha alama. Mizani ya unyevu ingesoma asilimia 12 au 13. Alikuwa ameanika juu ya kichanja cha wavu, hewa inapita chini na juu, na kila saa anageuza. Kahawa iliyoanikwa chini hunywa harufu ya udongo, na mvua ya ghafla ikiikuta hapo huota ukungu. Harufu hiyo hakuna kikaango kitakachoitoa.

Sasa ndiyo unaweza kuonja. Kaanga kiasi, isifike weusi wa makaa, saga, mimina maji ya moto, ngoja dakika nne, kisha vunja povu kwa kijiko pua ikiwa karibu. Ya kibanja kizuri itakupa kakao na karanga za kukaanga. Usihukumu ikiwa ya moto, maana moto huficha mengi. Iache ipoe kabisa, uonje tena. Ikibaki na utamu, nunua gunia zima, na umlipe mkulima bei ya tunda jekundu.