Usugu ni wa Nani?

Miongoni mwa maneno yanayopaswa kusawazishwa upesi ni yale yanayowataja bakteria wa kuku wasiouawa tena na dawa. Katika vipeperushi, magazeti na mazungumzo ya wafugaji tumekutana na usemi wa namna tatu: usugu wa dawa, kuzoea dawa, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Yafaa tuupime mmoja mmoja.

Tukisema ugumu wa jiwe, kilicho kigumu ni jiwe. Kwa kanuni hiyo, usugu wa dawa ungemaanisha kwamba dawa ndiyo sugu. Ni kweli kwamba kihusishi hiki kina kazi nyingi, kwani dawa ya mbu si mali ya mbu. Lakini istilahi haitakiwi kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Kuzoea dawa kuna kasoro kubwa zaidi, kwa sababu hakumtaji mzoeaji. Msikilizaji hudhani ni mwili wa kuku, au wa mtu, hivyo asiyemeza dawa hujiona yu salama.

Dhana hiyo ilikwisha kukanushwa. Mwaka 1976 Stuart Levy na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika shamba moja la kuku nchini Marekani. Kuku walipolishwa chakula chenye tetrasaiklini, katika muda wa wiki moja karibu bakteria wote wa matumbo yao walikuwa hawauawi na dawa hiyo. Baada ya miezi mitano au sita, bakteria wa namna hiyo walikuwa wameongezeka hata katika matumbo ya watu wa shamba lile, kuliko kwa majirani zao. Watu hao hawakuwa wakila chakula cha kuku. Basi miili yao ilizoea nini? Ukweli ni kwamba dawa huwaua bakteria dhaifu, na wachache wenye uwezo wa kuihimili hubaki, huzaana na kuwarithisha wenzao uwezo huo.

Usemi wa tatu ndio bora, maana unamtaja mwenye usugu na kile anachokihimili. Hata hivyo, neno vimelea ni pana mno: darasani humaanisha pia minyoo na viini vya malaria. Penye habari za bakteria, na waitwe bakteria. Kadhalika tutahadhari na neno sugu linapoachwa peke yake, kwa kuwa ugonjwa sugu ni ule unaodumu muda mrefu, hata kama viini vyake havina usugu wowote.

Lipo neno jingine linalopotosha, nalo ni kinga. Dawa ya kinga huweza kuwa chanjo, na huweza kuwa kiuavijasumu kinachotiwa katika maji ya kuku wazima. Kideri husababishwa na virusi. Chanjo hukizuia, ilhali kiuavijasumu hakiwezi kuviua virusi. Mfugaji aliyeuziwa vyote viwili kwa jina moja atapoteza fedha na kuku, na atawalea bakteria sugu bandani mwake. Sheria nazo huhitaji mipaka hii. Tangu tarehe 1 Januari 2006 Umoja wa Ulaya umekataza viuavijasumu kutiwa katika chakula cha mifugo kwa ajili ya kuwakuza tu. Kuwatibu wagonjwa ni jambo jingine. Katazo kama hilo haliwezi kuandikwa kwa Kiswahili iwapo kutibu, kukinga na kukuza havikutenganishwa.

Kwa hiyo twapendekeza: usugu wa bakteria dhidi ya dawa kwa hali yenyewe, bakteria sugu kwa dawa kwa wahusika, chanjo isiitwe dawa ya kinga, na kiuavijasumu kitajwe pamoja na kusudi lake. Majina haya ni marefu kidogo, lakini urefu huo una faida: unamwonyesha mfugaji adui alipo. Wataalamu wa mifugo na wasomaji wenye hoja tofauti twawaomba watuletee, ili istilahi hizi zijadiliwe kabla hazijaota mizizi.