Suwarora hakuonekana: jinsi Usui ilivyompokea Speke

Novemba 1519 Moctezuma, mtawala wa Waazteki, alitoka mwenyewe kumlaki Mhispania Hernán Cortés mlangoni mwa Tenochtitlan, akampa makazi katikati ya mji. Haukupita muda akawa mateka wa mgeni wake. Usui mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1861 wapelelezi John Hanning Speke na James Grant waliingia humo, nchi ya Wasubi upande wa Biharamulo. Walikuwa Wazungu wa kwanza kuipita. Waliondoka bila kumwona Suwarora, mtawala wake, hata mara moja.

Ninavyoona mimi, kutoonekana huko kulikuwa ufundi wa utawala. Speke akiwa bado amekwama katika nchi jirani ya Uzinza, wajumbe wa Suwarora walimfuata huko wakiwa na fimbo ndefu ya shaba iliyofungwa hirizi, alama ya amri ya bwana wao. Kwa hiyo mgeni aliingia nchini akiwa ameshaitwa, yaani ameshawekwa chini ya mamlaka. Wakubwa wa njiani walidai kwanza hongo yao, yaani ushuru wa kupita. Ya mtawala ikafuata. Karibu na ikulu msafara ukasimamishwa, na kila neno likapita kwa Sirhid, ofisa mkuu. Speke alijitetea kwamba yeye si mfanyabiashara, ni mtu wa hadhi anayestahili kuonana na mtawala. Hoja hiyo haikumfungulia mlango. Nguo, shanga na masango ya waya vikahesabiwa, vikabishaniwa, vikaongezwa. Mpaka hongo ikubaliwe na ngoma ipigwe, hakuna mpagazi aliyejitwika mzigo.

Cortés hakukutana na kitu cha namna hiyo. Wajumbe wa Moctezuma walimpelekea dhahabu pwani wakimsihi asije, naye dhahabu ikamzidishia hamu. Usui mali ilikwenda hasa upande mmoja: kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji. Tena Wasubi walikuwa na kipimo cha kumpimia mgeni. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa imeshawazoesha bunduki na vitambaa kabla Mzungu hajatokea, na Kiswahili kilikuwa kimeshapita njia hiyo. Cortés alihitaji wakalimani wawili, Malintzin na Aguilar, kutoka Kinahuatl kwenda Kimaya, kisha Kihispania. Speke alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyezungumza naye Kihindustani na kuwageukia wenyeji kwa Kiswahili.

Speke alimchora Suwarora kama mnyang'anyi, na Rumanika wa Karagwe, aliyempokea Novemba 25 bila kumdai hongo, kama muungwana. Hukumu hiyo ni ya mfuko wake. Aliyepita nchi ya watu na kulipishwa hakuonewa. Aliona dola ikifanya kazi.

Hata hivyo utaratibu huo ulimbana mtu aliyehitaji ruhusa, chakula na wapagazi. Speke aliogopa zaidi kukimbiwa na watu wake kuliko kupoteza masango. Wageni wa baadaye hawakubanwa hivyo. Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, Ngara, akiwa na mamia ya watu na silaha za kutosha, akaingia Rwanda. Nyuma yake walikuja maofisa wa Kijerumani waliotaka kukaa, wala si kupita, na boma lao bado limesimama Biharamulo. Ndani yake wao ndio waliodai kodi, na Msubi ndiye aliyesubiri nje.