Shujaa Asiyekufa

Wako vijana wa Kinondoni na Temeke wapendao hadithi za picha za Kijapani, ambamo mpiga upanga asiyekufa, mkimya asiyetishika, huhesabiwa nguvu zake kwa tarakimu kana kwamba yumo katika mchezo wa kompyuta. Fumo Liyongo, aliyetungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, naye silaha haimwingii, ila sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Siri hiyo alimfunulia mwanawe, na mwanawe ndiye aliyemchoma. Alikufa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wakaogopa kumkaribia. Hapo ndipo utenzi unapopata uzito wake: asiyeweza kuumizwa na yeyote, saburi yake haina sifa, kwani hana alilolistahimili.