Sweta la Fair Isle: rangi tisa, nyuzi mbili

Ukitaka kujua sweta la Fair Isle lilivyofumwa, ligeuze ndani nje. Upande wa nje unaweza kuhesabu hata rangi tisa. Upande wa ndani utaona hakuna mstari uliobeba zaidi ya nyuzi mbili. Ndivyo wanavyofuma wenyewe katika Fair Isle, kisiwa kidogo kati ya Orkney na Shetland, kaskazini mwa Uskoti, na ndivyo lilivyofumwa lile ambalo Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, alilivaa kucheza gofu St Andrews mwaka 1922, likawa fasheni.

Nami nimefuma la kwangu, hapa kwenye baridi ya Njombe, kwa sufu ya Shetland aliyonitumia dada yangu. Kipande cha majaribio kilinipa vitanzi 28 kwa sentimita 10. Kifua cha sentimita 100 kikadai vitanzi 280. Ua la vitanzi 20 linajirudia mara 14 bila kubaki kitu. La vitanzi 24, ambalo nililipenda zaidi, lingeniachia vitanzi 16 visivyo na pa kwenda.

Kazi ngumu ni rangi. Nilianza na maua ya damu ya mzee juu ya kijani kama cha majani ya chai. Mabonge yalipendeza mezani, lakini nilipofuma maua yalipotea kabisa. Nikapiga picha kwa simu, nikaiondoa rangi: nyuzi zote mbili zilikuwa kijivu kilekile. Jicho hulitambua ua dogo kwa tofauti ya giza na mwanga kwanza. Kijani nikakiweka kando. Msingi ukaanza na bluu iliyokoza, ukapauka hadi samawati, na mstari wa 8 kati ya 15, katikati ya mkanda, ukapata manjano; kisha rangi zikarudi zilikotoka. Juu ya bluu, maua nikayafuma kwa rangi ya maziwa, na damu ya mzee ikapata nafasi yake pale kwenye manjano.

Mikono nayo ina neno lake. Uzi unaopita chini ya mwenzake nyuma ya kazi hutoa vitanzi vikubwa kidogo, na rangi yake hujitokeza. Uzi wa maua niliushika mkono wa kushoto, upite chini, mwanzo hadi mwisho. Jioni moja niliinuka kuepua chungu, nikarudi nikashika kinyume. Mistari minne ikatoka na maua yaliyofifia, kana kwamba yamefuliwa kwa jiki. Nilifumua yote minne.

Kuhusu uzi, pima kwa mizani ya jikoni kabla na baada ya mkanda wa kwanza. Bluu ile ilikula gramu 5. Mikanda 12 ya kiwiliwili ni gramu 60, mikono kama 40. Nami nilikuwa na mabonge matatu ya gramu 25. Nikaagiza mengine mawili. Yalipofika usiku, chini ya taa, sikuona tofauti. Asubuhi uani, juani, yalielekea zambarau: namba ya rangi ilikuwa ile ile, lakini yalitoka kwenye chungu kingine cha rangi. Kilichoniokoa ni mpangilio wenyewe, kwa kuwa bluu ya mkanda mmoja hutenganishwa na ya mkanda mwingine kwa rangi nyingine. Bluu mpya nikaitumia kuanzia viwiko kushuka, mikono yote miwili kwa mkanda uleule. Hadi leo aliyeligundua hilo ni fundi mmoja tu wa masweta ya shule, naye alilishika sweta mkononi juani.

Kwapani niliongeza vitanzi 8 vya ziada nikaendelea kufuma mzunguko, kisha nikakata katikati yake kwa mkasi ili kufungua nafasi ya mkono. Mkono ulitetemeka. Lakini sufu ya Shetland ina magamba madogo yanayong'ang'aniana, na hakuna kitanzi kilichotoroka.