Dibaji si Pambo: Kuzisoma na Kuzitunga Tendi za Kiislamu Darasani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya Fasihi, hebu tuanze na jibu moja. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu dondoo la utenzi mkongwe, nikawauliza beti za mwanzo zina umuhimu gani. Msichana mmoja, hodari wa kuhesabu mizani, aliandika: "Hazina umuhimu. Mshairi anamtaja Mungu ili kujaza nafasi kabla ya kuanza." Nilimnyima alama zote. Usiku huo, nikiendelea kusahihisha, niligundua kwamba wenzake wengi walikuwa wameandika vivyo hivyo kwa maneno mengine. Hapo nikatambua kuwa kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewafundisha kuhesabu bila kuwafundisha kusikiliza.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dibaji na tamati za tendi za Kiislamu ni sehemu ya maana ya shairi lenyewe, na kwamba ni vigumu kuzielewa bila kujua jinsi watunzi wake walivyojifunza kutunga.

Mtunzi alijifunzia wapi?

Mtoto wa Lamu, Pate, Siyu au Mombasa alianzia chuoni. Huko aliketi mbele ya mwalimu, akaandikiwa alifu na bee ubaoni, akaisoma Kurani kwa sauti hadi ikakaa kifuani. Baadaye alisikia maulidi na kasida za kumsifu Mtume. Miongoni mwa kasida hizo ni Hamziya ya Al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, ambayo Sayyid Aidarusi bin Athmani aliitafsiri kwa Kiswahili. Nyumbani nako alisikia tendi zikighaniwa. Kwa hiyo, alipofikia kushika kalamu, bahari ilikuwa imekwisha kukaa sikioni mwake. Hakuhitaji kuhesabu mizani kwa vidole.

Hata hati aliyoitumia ilidai sikio. Tendi hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nazo zina alama tatu tu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Aghalabu i na e ziliandikwa kwa alama moja, na o na u kwa nyingine. Herufi ya b nayo ilitumika pia kwa p. Msomaji asiyelijua shairi kwa kulisikia angekwama njiani. Maandishi yalikuwa msaada wa kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo iliyokuwa ghala. Tazama mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840. Sehemu kubwa ya yale tuliyo nayo leo tunayashukuru masikio na kalamu ya Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyaandika miaka mingi baada ya Muyaka kufa.

Hapa pia pana asili ya ubishi ambao walimu tumeurithi: je, ubeti wa utenzi una mishororo minne au vipande vinne? Katika miswada mingi ya kale ubeti mzima uliandikwa katika mstari mmoja, vipande vikitenganishwa kwa alama. Vitabu vya shule vikavipanga vipande hivyo kimoja chini ya kingine, navyo vikaitwa mishororo. Mtahiniwa na atumie istilahi aliyofunzwa, lakini ajue kwamba tofauti hii ilitokana na upangaji wa maandishi. Sikio husikia kitu kimoja.

Dibaji na tamati husema nini?

Utenzi wa jadi hufuata utaratibu. Mtunzi huanza kwa jina la Mungu, humhimidi, humsalia Mtume pamoja na jamaa na masahaba zake, kisha hutaja nia yake ya kutunga. Mwishoni aghalabu hutaja jina lake, idadi ya beti na mwaka wa Hijria, akaomba radhi kwa makosa na kuwataka wasomaji wamwombee dua. Si kila utenzi una mambo haya yote, lakini mkondo ni huo.

Kila kipengele kina kazi. Idadi ya beti ni kinga dhidi ya mnakili mzembe anayeruka ubeti au mjuaji anayeongeza wake. Jina ni dhamana: maneno haya yana mwenyewe, naye atayajibia. Kuomba radhi ni kukiri kwamba lugha ni pana kuliko mtunzi. Na kuanza kwa jina la Mungu ni kuitangaza kazi hii kuwa nzito, jambo ambalo mja hapaswi kulianza kwa nguvu zake peke yake.

Chukua mfano wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake, Mwana Hashima, wasia huu. Anamwita mtoto akaribie, anamwagiza alete wino na karatasi, kisha anamtaka aanze kwa jina la Mungu na kumsalia Mtume. Zingatia jambo hilo, msomaji. Dibaji hapa imo ndani ya tukio lenyewe. Mama anamfundisha mtoto namna ya kuanza kuandika, na hilo ndilo somo la kwanza la wasia. Ukiliita pambo, umemwondoa binti aliyeshika kalamu kando ya kitanda cha mama yake.

Baada ya hapo huja mawaidha juu ya dini, adabu na unyumba. Wahakiki wengi wamelalamikia yale yanayohusu utiifu wa mke kwa mumewe, na ubishi huo una haki yake. Lakini watahiniwa wengi huishia hapo. Hawafiki kwenye sehemu ndefu ya mwisho, ambako sauti ile iliyokuwa ikiamrisha inageuka kuwa ya mwombaji. Mama anawaombea watoto na jamaa zake, na anajiombea afueni. Kisha anataja jina lake, beti 102, na mwaka 1275 wa Hijria. Anayesoma utenzi huu mpaka tamati ataiona nafsineni kwa ukamilifu: mama mwenye mamlaka juu ya bintiye ambaye hana mamlaka juu ya uhai wake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uzito wa wasia huu ulipo, na toni haiwezi kuelezwa kwa neno moja la "kushauri".

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir nayo hufunguliwa kwa jina la Mungu. Halafu mtunzi anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuhoji, huku akiyatazama magofu ya majumba ya fahari ya Pate. Hawahubirii wengine akiwa juu yao. Aliyeanza kwa kujishusha katika dibaji anaendelea kujishusha katika mwili wa shairi. (Mtahiniwa ajihadhari: mizani humu ni kumi, si minane.)

Je, mwanafunzi asiye Mwislamu?

Nimewahi kuwasikia walimu wenzangu wakisema kwamba tendi hizi ni za wenyewe, afadhali tuziruke. Rai hii haina mashiko. Kuisoma imani ya mtu katika shairi si kuikiri. Na kwa upande wa pili, mwanafunzi Mwislamu asidhani kwamba kuijua dini kunamwondolea kazi ya uhakiki. Anayeandika kwamba maudhui ni "dini" kisha akaweka nukta, hajasema lolote.

Isitoshe, sikio lililolelewa katika mkondo huu limetumika kwa mengi. Abdilatif Abdalla alitoa Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa mwaka 1971. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, aliyoyatunga alipokuwa mfungwa wa kisiasa kati ya 1969 na 1972, yalitoka mwaka 1973 na kumpatia Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Mwaka huohuo wa 1974 Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu alitunga Wasiya wa Mabanati kuwaonya wasichana dhidi ya walaghai, na shairi hilo likaenea kwa kanda za kaseti. Sikio bado lilikuwa mbele ya jicho.

Tufanye nini darasani?

Kwanza, utenzi usomwe kwa sauti, au ughaniwe, kabla ya mtu yeyote kuhesabu mizani. Pili, kila mwanafunzi akariri beti kumi. Tatu, atunge beti chache zenye dibaji na tamati. Asiye Mwislamu afungue kwa kile anachokiheshimu kwa dhati, lakini amalizie kwa jina, tarehe, idadi ya beti na ombi la radhi. Mimi huwapa ubeti wangu huu kama kianzio:

Nina chaki mkononi
Nasimama darasani
Nikikosa nambieni
Mimi ni mja dhaifu

Waulize kwa nini nimesema "nambieni" badala ya "niambieni". Watagundua inkisari kwa masikio kabla ya kuikuta kitabuni. Kisha waulize kama mwalimu huyu angeaminika zaidi au kidogo iwapo ubeti huu ungefutwa.

Nilipozoea njia hii, nilimrudia yule msichana na dondoo lilelile. Tulilighani darasa zima, naye akanyosha mkono: "Mwalimu, kwa nini mshairi anaomba msamaha na hatujaona kosa?" Sikumjibu papo hapo. Swali lake lilikuwa bora kuliko lile nililomtahini nalo.

Zoezi
1. Eleza nafasi ya dibaji na tamati katika kuibainisha nafsineni ya utenzi wowote uliousoma.
2. "Kuomba radhi ni udhaifu wa mtunzi." Jadili.
3. Tunga utenzi wa beti sita wenye dibaji na tamati.